"Sisi" ni akina nani? Hojaji ya Kiingereza mbele ya mwanafunzi wa afya Vietnam

Msomaji mpenzi, kabla hujafungua ukurasa mwingine, hebu nijibu swali moja. Kalamu huihitaji. Nitakupa kauli, nawe utasema kama unaikubali kabisa, unaikubali, huna hakika, huikubali, au huikubali kabisa. Kauli yenyewe ni hii: kazi ya muuguzi, hasa, ni kumsaidia daktari.

Umejibu? Vyema. Sasa niambie, uliposoma neno "kumsaidia" ulielewa nini? Je, ni msaada wa jirani anayekushikia upande wa pili wa kabati zito siku ya kuhama? Au ni msaada wa yule binti tunayemwita msaidizi wa nyumbani, anayeosha vyombo wakati wenye nyumba wanatazama televisheni? Ikiwa uliwaza ule wa kwanza, kukubali kwako ni heshima kwa muuguzi. Ikiwa uliwaza ule wa pili, kukubali kwako ni kumfukuzia jikoni. Nayo fomu haijui tofauti hiyo. Inaiona alama yako tu, inaigeuza kuwa tarakimu, na tarakimu hiyo ndiyo inayopelekwa kwa wakubwa.

Kauli inayofanana na hiyo imo katika hojaji moja mashuhuri iliyotungwa Uingereza na wataalamu wawili, Parsell na Bligh, na kuchapishwa mwaka wa 1999. Kwa ufupi huitwa RIPLS. Ina kauli 19, na kusudi lake ni kupima kama mwanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasia na kadhalika yuko tayari kujifunza pamoja na wenzake wa taaluma nyingine. Si hiyo pekee. Mwaka uo huo wa 1999 Marekani ilitoa hojaji ya kupima mitazamo kuhusu timu za huduma ya afya, na kabla yake, mwaka wa 1990, ilikuwapo nyingine yenye kauli 18. Zote zilizaliwa kwa Kiingereza, katika madarasa ya nchi tajiri, na tangu hapo zimekuwa zikivuka bahari na kuvishwa lugha za watu wengine.

Leo nataka tuzifuate hadi Vietnam, zinakowekwa mbele ya wanafunzi wa afya wanaosema Kivietnam. Najua utauliza: Vietnam inatuhusu nini sisi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu? Nivumilie kidogo, nitafika huko.

Kwanza tuelewane kwa nini watu wazima na shahada zao hujisumbua kwa jambo hili. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka wa 1988 likihimiza wanafunzi wa fani za afya wajifunze pamoja ili baadaye wafanye kazi pamoja. Mwaka wa 2010 likatoa mwongozo mzima, likieleza kwamba elimu ya namna hiyo ni pale wanafunzi wa taaluma mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao, na pamoja na wenzao. Hayo si maneno ya kupamba semina. Kati ya 2007 na 2008 hospitali nane katika miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara nchini Tanzania, zilijaribu orodha fupi ya ukaguzi wa usalama kwenye chumba cha upasuaji. Miongoni mwa yaliyomo ni kwamba kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Matokeo yalichapishwa 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sisemi kwamba kutajana majina peke yake kuliokoa watu hao. Lakini aliyekwisha kutamka jina lake chumbani humo ni rahisi zaidi kwake kutamka la pili: "Daktari, ngoja, huyu siye."

Na sisi tunajua gharama ya "huyu siye" isiyosemwa. Mwaka wa 2018, hapa Nairobi, mgonjwa alifunguliwa fuvu la kichwa ilhali aliyestahili upasuaji ule alikuwa mwingine. Waliosimamishwa kazi hawakuwa daktari mpasuaji peke yake. Walikuwamo wauguzi na mtaalamu wa nusukaputi. Mgonjwa yule alikuwa amepita mikononi mwa watu kadhaa.

Basi turudi Vietnam, nchi ya watu wapatao milioni 100. Chuo cha kitabibu cha Hanoi kilianzishwa na Wafaransa mwaka wa 1902, mkuu wake wa kwanza akiwa Alexandre Yersin, yule aliyegundua kijidudu cha tauni. Leo daktari husomea miaka sita, muuguzi wa chuo kikuu miaka minne, na kwa muda mrefu kila mmoja amekuwa na darasa lake, mwalimu wake na mtihani wake. Wanakutana wodini wakiwa tayari wameshaiva, kila mtu na desturi za nyumbani kwake. Kwa hiyo walimu wa huko wanaotaka kuwakutanisha mapema wana haki ya kuuliza: hawa vijana wenyewe wanaonaje? Hapo ndipo hojaji ya Kiingereza inapoingia, na hapo ndipo kazi ngumu inapoanza.

Anza na neno "timu". Kwa Kiingereza ni neno moja, halina mizengwe. Kivietnam kinampa mfasiri maneno kadhaa. Lipo "nhóm", ambalo ni kundi, na mwanafunzi akilisikia anakumbuka kazi ya darasani ambayo wawili wanafanya na watatu wanaandika majina. Lipo "đội", ambalo hutumika kwa timu ya kandanda na kikosi cha askari. Kisha lipo "ê-kíp", lililokopwa kutoka Kifaransa, ambalo watu wa hospitali hulitumia kwa wale wanaoingia pamoja chumba cha upasuaji. Mfasiri akichagua la kwanza, anapima chuki ya vijana dhidi ya kazi za kundi. Akichagua la mwisho, anapima heshima yao kwa mpasuaji mkuu. Yote mawili yataitwa "mtazamo kuhusu kazi ya timu" katika jedwali.

Neno la taaluma nalo lina shida zake. Wengi huko wameegemea "liên ngành" kwa maana ya kuunganisha taaluma, lakini "ngành" ni tawi au sekta. Mtu asiyeelezwa anaweza kudhani anaulizwa kuhusu ushirikiano wa wizara ya afya na wizara ya elimu.

Lakini hayo ni madogo. Lililo kubwa, kwa maoni yangu, ni "mimi" na "sisi".

Kivietnam kinalo neno "tôi", ambalo ni "mimi" asiyeegemea popote, mimi wa kwenye karatasi. Katika maongezi ya kila siku, hata hivyo, mtu hujiita kwa uhusiano alio nao na anayesema naye. Mbele ya mwalimu, mwanafunzi hajiiti "mimi". Hujiita "em", yaani mdogo wako. Aliyekuzidi umri kidogo ni "anh", kaka, au "chị", dada. Aliyekuzidi sana ni shangazi, ami, au ndugu mkubwa wa baba. Haiwezekani kufungua kinywa bila kwanza kupima nani ni mkubwa wa nani. Sasa mchukue daktari wa miaka 25 anayemwagiza muuguzi wa miaka 48. Kwa umri, yeye ni mdogo. Kwa cheo, yeye ndiye mkubwa. Kila sentensi anayomwambia mama yule inabidi iamue upya, na mara nyingi cheo chenyewe, "daktari", ndicho kinachokuwa kiwakilishi cha kumwokoa. Wenzetu wa pwani wanaopima kwa "shikamoo" watanielewa upesi zaidi kuliko wale wa "hi" na "sasa".

Fomu inamwambia kijana huyo ajibu kwa "tôi". Yaani inamtoa nje ya uhusiano wote, inamkalisha peke yake kama mtu asiye na mkubwa wala mdogo, kisha inamuuliza atakavyoishi na wakubwa na wadogo. Wapo watakaosema ni vyema, maana hapo atakuwa huru kusema la moyoni. Huenda. Ila uhuru huo unaishia mlangoni mwa wodi, na sisi tunataka kujua la wodini.

Na "sisi" je? Hapa, msomaji, Kiswahili chetu kinafanana na Kiingereza kwa umaskini: tuna "sisi" moja tu. Wavietnam wanazo mbili. "Chúng ta" ni sisi pamoja nawe unayesikiliza. "Chúng tôi" ni sisi bila wewe. Mwanafunzi wa uuguzi akisoma maelezo ya juu ya fomu yanayosema kwamba sisi wanafunzi wa afya tukijifunza pamoja mgonjwa atafaidika, mfasiri lazima amchagulie. Akiandika "chúng ta", amekwisha kumwingiza katika umoja kabla hajaulizwa kama anautaka. Akiandika "chúng tôi", anaweza kuelewa: sisi wauguzi, nanyi madaktari mko ng'ambo. Kiingereza hakikuwahi kumlazimisha mtungaji kuamua jambo hili, na ndilo jambo lenyewe hojaji inalotaka kulipima! Hakuna kamusi itakayomsaidia mfasiri hapo. Ni lazima akakae na wanafunzi na kuwauliza: mnaposema sisi, huwa mnamhesabu nani?

Kuna njia iliyokubalika ya kufanya kazi hii, na haina budi kuelezwa kwa sababu wengi huifupisha. Mwaka wa 2000 Beaton na wenzake walichapisha mwongozo unaofuatwa hadi leo. Wafasiri wawili wanatafsiri kila mmoja kivyake, mmoja akiwa anaijua mada na mwingine asiijue. Wanakutana, wanapatanisha. Kisha watu wengine wawili ambao hawajaiona hojaji ya asili wanaitafsiri kurudi Kiingereza. Kamati inakaa, inalinganisha. Halafu inajaribiwa kwa watu 30 hadi 40, nao wanaulizwa si majibu yao tu, bali walielewa nini. Baada ya hapo ndipo inapopelekwa kwa mamia.

Hatua inayopendwa na wengi ni ile ya kurudisha Kiingereza, iliyopata umaarufu tangu maandishi ya Brislin ya 1970. Inapendwa kwa kuwa inaonekana kama mizani ya sokoni: kilichotoka kimerudi, basi hakuna kilichoibwa. Mimi siiamini sana. Mwingereza husema amejisikia "bluu" akimaanisha ana huzuni. Mtafsirie neno kwa neno, "najisikia bluu", na mfasiri wa pili atalirudisha barabara bila kupoteza hata nukta. Mizani iko sawa kabisa, na hakuna Mswahili aliyeelewa kitu. Tafsiri mbovu ya neno kwa neno ndiyo hurudi vizuri kuliko zote. Hatua inayookoa ni ile ya mwisho, ya kukaa na mwanafunzi na kumwuliza "hapa umeelewa nini?", nayo ndiyo inayorukwa pesa zikipungua.

Hebu tazama pia kauli za kukanusha. Hojaji hizi hupenda kuchanganya: mara unaulizwa kama unapenda kujifunza na wenzako, mara unaambiwa useme kama unakubali kwamba hutaki kupoteza wakati wako na wanafunzi wa taaluma nyingine. Nia ni kumnasa anayejibu bila kusoma. Lakini muulize Mvietnam "Hujala?" naye akijibu "vâng", ndiyo, anamaanisha ni kweli, sijala. Kumbe sawa na sisi! Mwingereza angesema "hapana". Ukimpa mtu kama huyo, au kama mimi, kauli ya kukanusha, kisha ukamtaka aikatae, unamsokotea kamba miguuni. Atakayejikwaa ataandikwa kuwa ana mtazamo mbaya juu ya wenzake, kumbe alijikwaa kwenye sarufi.

Kisha kuna orodha ya wanataaluma wenyewe. Fomu ya Kiingereza humtaja daktari, muuguzi, mtaalamu wa tiba ya viungo, na mwingine wa kumrudishia mgonjwa uwezo wa shughuli za kila siku, taaluma ambayo Vietnam ingali changa mno. Wapo Vietnam ambao fomu haiwajui kabisa. Wapo madaktari wa tiba asilia waliosomea chuo kikuu, pamoja na "y sĩ", ambao Mkenya angewafananisha na matabibu wetu wa zahanati. Sheria ya matibabu ya nchi hiyo iliyopitishwa 2023 na kuanza kutumika Januari 1, 2024 inamtambua hata "lương y", mganga wa dawa za jadi, na mtu mwenye dawa iliyorithiwa katika ukoo. Je, hao ni timu au si timu? Mwanafunzi wa Hue au Hanoi anayeulizwa kuhusu "wanataaluma wengine wa afya" ana haki ya kujua anaulizwa juu ya nani.

Sijamtaja bado mtu muhimu kuliko wote. Katika wodi ya Vietnam, kama katika wodi zetu nyingi, anayemlisha mgonjwa, anayemgeuza kitandani, anayemwosha na kukimbia kutafuta dawa nje ni ndugu yake. Huko anaitwa "người nhà", mtu wa nyumbani. Usiku, muuguzi akiwa mmoja kwa vitanda vingi, ndiye anayeona kwanza kwamba pumzi zimebadilika. Katika kauli 19 za RIPLS hakuna mahali pake. Sidhani kosa ni la watungaji, kwa maana hospitali walizozijua wao zilimfungia ndugu nje hadi saa ya kutazama wagonjwa. Ila anayeileta Vietnam bila kumwingiza mtu huyo anapima timu ya nchi nyingine.

Sasa nifike kwenye lalamiko langu kubwa. Hojaji ikishajazwa na mamia, watafiti hukokotoa namba moja iitwayo alfa, iliyopewa sifa na Mmarekani Cronbach mwaka wa 1951. Ifikirie hivi. Una sufuria ya maharagwe motoni. Unaonja punje moja ya juu, moja ya kati, moja ya chini. Zote zikiwa zimeiva sawasawa, unaepua. Alfa hupima kama kauli za kundi moja "zimeiva sawa", yaani watu wanazijibu kwa mwelekeo mmoja. Ikifika 0.7 na kuendelea, watafiti hushusha pumzi. Ni kipimo cha maana, sikidharau. Lakini alfa haikwambii kwamba kilichomo sufuriani ni maharagwe. Darasa zima likikubali kila kitu kwa adabu, kauli zote zikiwa za upande mmoja, alfa itapanda pia.

RIPLS katika umbo lake la kwanza iligawanywa mafungu matatu: kazi ya timu, utambulisho wa taaluma, na wajibu na majukumu. Mwaka wa 2005 watafiti wa Scotland wakaigawa minne. Katika mipango yote miwili fungu la wajibu na majukumu ndilo jepesi, lina kauli tatu tu, na tangu mwanzo ndilo lenye alfa dhaifu. Nchi baada ya nchi limesumbua. Na mara nyingi dawa inayopendekezwa ni kukata: ondoa kauli hii, ondoa ile, alfa ipande.

Nakuomba usome tena kauli uliyoijibu mwanzo. Imo katika fungu hilo hilo. Fungu hilo ndilo linalouliza kama muuguzi yupo kwa ajili ya daktari, kama mwanafunzi anajua kazi yake itakuwa ipi, kama anadhani ni lazima yeye ajue mengi kuliko wengine. Ni maswali ya nani mkubwa! Yaliyobaki yanauliza, kwa maneno mengi, kama umoja ni kitu kizuri. Sasa nani atakataa kwamba umoja ni kitu kizuri? Watu wanajibu maswali ya ukubwa kwa kupingana, daktari hivi, muuguzi vile, na mfasiri akilegalega wanapingana zaidi. Huenda alfa iko chini kwa sababu tafsiri ni mbaya. Huenda pia iko chini kwa sababu kauli tatu ni chache mno, au kwa sababu hapo ndipo watu hawajakubaliana. Kukata kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo ni sawa na kumng'oa mgonjwa jino linalouma ili aache kulalamika.

Nchini Vietnam hatari hiyo ni kubwa zaidi, nami nitakwambia kwa nini. Februari 27 ni Siku ya Madaktari huko, kwa kumbukumbu ya barua ambayo Ho Chi Minh aliwaandikia watumishi wa afya mwaka wa 1955. Ndani yake aliwataka kwanza kabisa waungane kwa dhati, wa zamani na wapya, kutoka waziri, daktari na mfamasia hadi ndugu wasaidizi wa kazi. Wanafunzi wa afya hukua na barua hiyo. Basi ukimpa kijana aliyelelewa hivyo fomu inayouliza kama wahudumu wa afya washirikiane, unategemea aseme nini? Atakubali kabisa, na atakuwa mkweli, na hutakuwa umejifunza lolote. Tena angalia ngazi ilivyopangwa ndani ya wito wenyewe wa umoja, kutoka waziri kushuka hadi msaidizi. Neno lililotumika kwa wasaidizi, "giúp việc", leo ndilo hilo hilo wanalotumia kwa mfanyakazi wa nyumbani. Sasa mfasiri atakayelitumia katika ile kauli ya muuguzi atavuna hasira. Atakayetumia "hỗ trợ", kutegemeza, atavuna tabasamu. Ni kauli ile ile moja.

Wana msemo huko kwamba ukivumilia jambo moja utapata heri tisa. Sisi tunasema funika kombe mwanaharamu apite. Ni hekima nzuri ya kuishi na shemeji. Chumba cha upasuaji kikiwa na watu watano waliofunika kombe, mgonjwa yuko taabani. Ndiyo maana fomu inayojazwa mbele ya mhadhiri, na msimbo wa mwanafunzi ukiwa juu yake, haina thamani hata kama tafsiri yake ingefanywa na malaika.

Wala asidhani mtu kwamba Wavietnam hawajui kufanya kazi pamoja hadi wafundishwe kwa hojaji. Mwaka wa 2003 ugonjwa wa SARS ulipoingia Hanoi, watu 63 waliugua na watano wakafa, na zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wahudumu wa afya. Dkt Carlo Urbani wa Shirika la Afya Duniani, aliyetambua hatari mapema, alikufa kwa ugonjwa huo huo Machi 29. Aprili 28 Vietnam ikatangazwa kuwa nchi ya kwanza kuudhibiti. Madaktari, wauguzi na wafagiaji walijifungia pamoja na wagonjwa wao. Watu kama hao wakipata alama za chini kwenye fomu ya kazi ya pamoja, mimi nitaikagua fomu kwanza.

Nilisema nitafika nyumbani. Sisi Wakenya tunajidanganya kwamba shida hii haituhusu kwa kuwa vyuo vyetu hufundisha kwa Kiingereza. Miaka michache iliyopita, katika benchi la hospitali moja, nilipewa hojaji ya Kiingereza kuhusu "timu" iliyonihudumia. Kijana aliyeileta alikuwa mpole na ana haraka. Nami, kusema kweli, sikujua timu ni nani. Hospitalini kila aliyevaa koti jeupe tunamwita daktari, awe tabibu, mtu wa maabara au mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nikatia alama katikati kote, huna hakika, huna hakika, huna hakika, nikamrudishia. Alinishukuru. Bila shaka nimo katika wastani wa ripoti fulani, nikionekana mtu asiye na maoni.

Kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017 madaktari wetu waligoma siku 100, kisha mwaka huo wa 2017 wauguzi wakagoma miezi mitano, kila mmoja kwa wakati wake, wengine wakitazama. Mwanafunzi wa leo wa udaktari na yule wa uuguzi wameyaona hayo wakiwa bado shuleni. Ukitaka kujua wanavyohesabiana, waulize kwa lugha wanayosengenyana nayo kantini, iwe Kiswahili, iwe Sheng, na uwaulize kwanza "sisi" yao inaishia wapi.

Kwa walimu wa Vietnam, nao na wa hapa, ombi langu ni dogo. Mnapochapisha hojaji iliyotafsiriwa, chapisheni pia kauli mlizozitupa, na maneno ambayo wanafunzi waliyasema walipoulizwa "hapa umeelewa nini?" Tuonyesheni ile ya muuguzi kumsaidia daktari mliiandikaje, na nani alikasirika.